Majibu kwa wasomaji: aplikasyo iko nzito, wakati unapotelea wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote ni kilio kimoja, aplikasyo ilikuwa inakimbia muzuri, sasa iko nzito na hakuna mutu anayejua juu ya nini. Nimechagua zile zilizoeleza vitu kwa undani, juu mutu akiniandikia tu "site yangu iko pole pole, nifanye nini" sina cha kumujibu, lakini akinipa hesabu ya mistari, kipande cha kodi na saa inapokwama, hapo tunaweza kuongea.

Mukubwa, jambo. Niko hapa Bukavu, ku Kadutu. Nilitengeneza aplikasyo ya kufuatilia minervali ya shule, nilitumia Laravel (kifaa cha kujengea aplikasyo kwa lugha ya PHP) na MySQL (programu ya databezi). Wakati tulikuwa na shule moja ilikuwa inafunguka mbio sana, sasa tuko na shule mingi ndani, jedwali la malipo limefika mistari kama 400,000, na ile paji inayoonyesha wanafunzi 200 wa shule moja na deni lao inachukua karibu nusu dakika. Mwanzo wa trimestre ma-ekonome wananipigia simu toka asubuhi, promotere mumoja ameshasema atarudilia makaratasi. Kodi iko hivi: nachukua wanafunzi wote wa shule, kiisha mu Blade (faili inayochora paji) ndani ya foreach (inayopitia mwanafunzi mumoja mumoja) naandika $m->darasa->jina, $m->mzazi->simu, na $m->malipo->sum('kiasi'). Ku migration (faili inayotengeneza jedwali) ya malipo niliweka foreignId('mwanafunzi_id') basi. Patron anataka tukodishe seva ya bei mara mbili. Mimi naona shida ni PHP, mwenzangu anasema ni MySQL, tuhamie databezi nyingine, PostgreSQL. Tufanye namna gani? — Mudogo wako wa Kadutu

Mudogo, muambie patron angoje kidogo na zile franga. Seva ya bei mara mbili, ata tukikubali kwamba iko na mbio mara mbili kabisa, itatoa sekunde 30 iweke 15, na kwa sekunde 15 ekonome bado atakupigia simu. Mwaka kesho malipo yakiongezeka mara mbili mutarudi palepale pa sekunde 30, na bili mpya juu yake. Kuhamia PostgreSQL nayo ni kazi ya miezi, na mutafika kule mukiwa mumebeba kweri (maombi ambayo aplikasyo inatuma ku databezi) zilezile. PHP, MySQL, seva, zote tatu ni kubahatisha mpaka mutu apime.

Kupima kunaanza ku brauza, haiko ku seva. Fungua ile paji, bonyeza F12, nenda fasi inayoonyesha vitu vyote vinavyopita mu mtandao, kiisha pakia paji upya na uangalie mstari wa kwanza, ule wa paji yenyewe. Utaona wakati wa kungojea seva ijibu na wakati wa kupakua, kila moja peke yake. Kama mu sekunde 30 kuna 28 za kungojea, basi ugonjwa uko ku seva. Kama seva inajibu mu nusu sekunde na zingine zote zinaenda ku kupakua, acha databezi ya watu, tafuta picha. Nimeona aplikasyo za shule zinazoweka picha ya kila mwanafunzi vilevile ilivyotoka mu telefone, megabaiti 3 kila moja, halafu mutu anafungua orodha ya darasa kwa koneksyo ya simu na anasema databezi imechoka.

Ukishajua ni seva, gawanya tena: PHP inakula wakati ngapi, databezi inakula ngapi, na hapa njo watu wengi wanasahau, kweri ngapi zimetumwa kwa paji moja. Kwa Laravel weka Debugbar ku mashine yako ya kazi, chini ya paji itakuandikia hesabu ya kweri na jumla ya wakati wake. Ku seva ya watu usiiweke kabisa, inafunua vitu vya ndani ambavyo mugeni hapaswi kuona. Na tafadhali jaza databezi ya majaribio kwa ukubwa wa kweli. Laptopu yenye wanafunzi 50 wa kubuni itakuambia kila kitu kiko salama, juu kwa mistari michache ata kodi mbaya inakimbia. Tengeneza malipo ya bandia 400,000 njo upime.

Sasa mu kodi uliyonitumia hesabu naifanya kwa kalamu tu. Kweri moja ya kuchukua wanafunzi 200. Kiisha kwa kila mwanafunzi Laravel inarudi ku databezi kuomba darasa, inarudi kuomba mzazi, inarudi tena kuomba malipo. Hizo ni 600, jumla 601 kwa paji moja. Darasa na mzazi zinatafutwa kwa ufunguo mkuu (namba ya kipekee ya kila mstari), kila moja haifiki milisekunde 1, kwa hiyo zile 400 zote pamoja ni chini ya nusu sekunde, ni mbaya lakini haziko zinazokuua. Inayokuua ni malipo. Kolone ya mwanafunzi_id mu jedwali la malipo haina indeksi (orodha iliyopangwa inayoonyesha databezi mstari uko wapi), na bila indeksi MySQL inafanya kile ekonome angefanya kama daftari la malipo limeandikwa kwa kufuata tarehe tu: kwa mutoto wa kwanza asome daftari lote kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa mutoto wa pili alisome lote tena, na hivyo mpaka mutoto wa 200. Kama kusoma mistari 400,000 mara moja kunachukua milisekunde 140, basi 140 mara 200 ni sekunde 28. Nusu dakika yako njo hiyo, na haina uhusiano na PHP.

Usiniamini, hakikisha. Ingia ku MySQL uandike EXPLAIN SELECT * FROM malipo WHERE mwanafunzi_id = 512; na uangalie kolone tatu. Mu type utakuta ALL, maana yake jedwali lote linasomwa. Mu key utakuta NULL, hakuna indeksi iliyotumika. Mu rows utakuta hesabu inayokaribia 400,000. Kiisha andika CREATE INDEX malipo_mwanafunzi_tarehe ON malipo (mwanafunzi_id, tarehe). Na urudie ile EXPLAIN. Type itakuwa ref, rows itashuka ku malipo machache ya ule mutoto mumoja. Kuanzia MySQL 8.0.18 kuna EXPLAIN ANALYZE pia, hiyo inaendesha kweri kwa kweli na kukupa wakati wa kila hatua, ni nzuri kuliko kubuni. Wale wa PostgreSQL wanayo toka zamani, lakini muangalie, kule ukiiweka mbele ya DELETE inafuta kweli, kwa hiyo anza na BEGIN na umalize na ROLLBACK, inayorudisha vyote vilivyokuwa.

Juu ya nini indeksi haikuwepo? Juu foreignId peke yake inatengeneza kolone tu. Ungeongeza constrained() Laravel ingetangaza ufunguo wa kigeni (kiungo cha kolone na jedwali lingine), na InnoDB, sehemu ya MySQL inayotunza majedwali, ikiona ufunguo wa kigeni inaweka indeksi yenyewe. Mwambie na mwenzako wa PostgreSQL kwamba kule haiwekwi yenyewe ata ukitangaza ufunguo, ni lazima uiandike kwa mukono, kwa hiyo mungehama na mungekuta shida inawangojea kule.

Indeksi iweke leo usiku wakati ma-ekonome wamelala, ni kazi ya muda mfupi kwa mistari 400,000, na kesho asubuhi ile paji itafunguka mu sekunde moja hivi. Kiisha bila haraka upunguze zile safari 601. Andika with(['darasa', 'mzazi']) na withSum('malipo', 'kiasi'), kweri zitabaki 3. Jumla ya malipo itafanywa na databezi yenyewe, PHP haitabeba tena mistari yote ya malipo juu ya kujumlisha. Ku mashine ya kazi washa Model::preventLazyLoading(), kuanzia hapo mutu wa timu yako akiandika tena ile kitu ndani ya foreach kodi itakataa mbele yake, haitangoja mwanzo wa trimestre.

Kuna mitego midogo itakayokurudisha nyuma ata na indeksi. Ukiandika whereYear('tarehe', 2024) kweri inakuwa YEAR(tarehe) = 2024, na MySQL haiwezi kutumia indeksi ya kawaida ya tarehe juu umeifunika ndani ya hesabu. Andika tarehe kubwa au sawa na 2024-09-01 na ndogo kuliko 2025-09-01, ambayo kwa shule zetu njo sahihi zaidi, mwaka wa masomo unaanza mwezi wa 9, hauanzi Januari. Na ile fasi ya kutafuta jina, LIKE 'furaha%' inatumia indeksi, LIKE '%furaha%' haitumii, inasoma majina yote. Kwa wanafunzi elfu chache hakuna shida, uiache.

Watu watakuambia pia uwashe logi ya kweri nzito ya MySQL. Ni sawa, lakini long_query_time yake ya kuanzia ni sekunde 10, na kweri yako ya milisekunde 140 haitaandikwa mule ata siku moja. Utafungua logi, utakuta iko tupu, utasema databezi iko muzima, na wakati huohuo zile 200 ndogo ndogo zinawamaliza ma-ekonome. Shusha ifike 0.1, au fanya ile ninayoipenda zaidi: SELECT * FROM sys.statement_analysis LIMIT 10. Hiyo inakusanya kweri zinazofanana na kuzipanga kwa jumla ya wakati zilizokula, haiko kwa ile moja ndefu. Kweri ya sekunde 8 ya ripoti inayoendeshwa mara moja kwa usiku haina haja ya kukusumbua kuliko ya milisekunde 140 inayoendeshwa mara elfu 50 kwa siku. Kwa PostgreSQL kazi hiyo inafanywa na pg_stat_statements, uiweke mu shared_preload_libraries, uwashe databezi upya, uandike CREATE EXTENSION pg_stat_statements, kiisha upange kwa total_exec_time.

Mbele patron hajatoa franga, jambo moja la mwisho. Uliza SHOW VARIABLES LIKE 'innodb_buffer_pool_size'. Kama hakuna aliyeigusa itakuwa megabaiti 128, ata kama seva iko na gigabaiti 8. Hiyo njo memwari MySQL inatumia kuweka data karibu, ikiwa ndogo inarudi ku diski kila mara. Kwa vile PHP iko ku mashine ileile usiipe yote, anza na gigabaiti 2 uangalie. Kuna watu wanalipa kila mwezi memwari ambayo databezi yao haijawahi kuigusa, na inaniuma kweli juu hizo ni franga za watoto wa watu.

Mukubwa, mimi niko Goma, ku Himbi. Tuko na aplikasyo ya stoki ya dawa, Django (kifaa cha kujengea aplikasyo kwa lugha ya Python) na PostgreSQL. Aplikasyo iko ku mashine mu biro yetu, databezi tuliikodisha Ulaya, seva yake iko Paris, juu tuliogopa kukatika kwa umeme na diski kuharibika. Kweri zote nilizipima nikiwa nimeingia kule ku seva yenyewe, hakuna inayopita milisekunde 2, indeksi ziko. Lakini paji ya inventere ina kweri 200 na inapita sekunde 30. Tulipandisha forfait ya intaneti, ma-mega mingi zaidi, hakuna kilichobadilika. — Wa Himbi

Ndugu, wewe umepima, na ulipima fasi isiyofaa. Ile milisekunde 2 ni wakati wa databezi kufikiri. Wakati wa ombi kutoka Himbi kufika Paris na jibu kurudi haumo.

Tuweke hesabu mezani. Kutoka Goma mpaka Paris kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 6,000. Mwangaza ndani ya faiba unakimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni kilomita 12,000, kwa hiyo milisekunde 60, na hiyo ni kama kungekuwa na waya mumoja umenyooka juu ya Sahara bila kusimama popote. Waya za kweli zinashuka kwanza mpaka baharini, zinazunguka bara, zinapita mu mashine mingi za katikati, kwa hiyo namba yako itakuwa kubwa zaidi. Kwa zile 60 tu, kweri 200 zinazofuatana moja kwa moja ni sekunde 12 za kusafiri. Ukikuta kwako ni 150, ni sekunde 30 kamili, na databezi yenyewe imefanya kazi chini ya nusu sekunde mu hizo zote.

Kuiona kwa macho ni rahisi. Ukiwa mu biro, ingia ku databezi kwa psql (programu ya kuandikia PostgreSQL amri), andika \timing, kiisha SELECT 1. Hiyo kweri haina kazi yoyote, haisomi jedwali, wakati itakayokuonyesha ni barabara peke yake. Zidisha mara 200.

Forfait kubwa haikusaidia juu inaongeza upana wa barabara, urefu unabaki uleule. Ungekuwa unapakua faili nzito ungeona tofauti, kwa maombi madogo 200 yanayongojana hautaona kitu.

Dawa ni aplikasyo na databezi kukaa nyumba moja. Uko na njia mbili. Unaweza kupeleka aplikasyo nayo Paris, hapo kweri 200 zinatembea ndani ya jengo moja, na brauza ya Himbi inavuka bahari mara chache tu kwa paji. Au unarudisha databezi Goma, na Paris unaweka kopi. Kwa depo ya dawa mimi ningechagua ya pili bila kusita, juu siku intaneti ikianguka mugonjwa bado atakuja na ordonansi mukononi na mutu wa depo anapaswa kuona kama dawa iko na inaisha lini. Weka betri nzuri na diski mbili, na utumie replikesheni ya PostgreSQL kupeleka kila badiliko Paris, lakini iwe ile isiyongojea jibu. Ukiweka ile inayongojea, kila uuzaji utasimama mpaka Paris iseme ndiyo, utakuwa umejirudishia shida kwa mulango mwingine.

Wakati mungali munapanga kuhama, fanya vitu viwili leo. Ku Django tumia select_related na prefetch_related, zinazochukua data nyingi kwa kweri chache, ili zile 200 zishuke, zikibaki 5 ata kwa milisekunde 150 hiyo ni chini ya sekunde. Na uangalie CONN_MAX_AGE mu settings. Ya kuanzia ni 0, maana yake kila paji inafungua koneksyo mpya ya databezi na kuifunga, na kufungua koneksyo yenye usalama ni safari kadhaa za kwenda na kurudi kabla ya kweri ya kwanza. Iweke 600, Django itaishika dakika 10.

Papa, jambo. Naandika kutoka Lubumbashi, ku Katuba. Natunza sisteme ya kuuza tiketi za bisi za Likasi na Kolwezi, MySQL. Asubuhi na mapema inakimbia, kiisha kuelekea saa ine, wakati abiria wanajaa, yote inakwama pamoja, ata paji ya maelezo tu. Niliangalia CPU, iko 5 ku mia! Memwari iko, diski imetulia. Mara tunaona kosa la "Lock wait timeout exceeded". Kiisha inafunguka yenyewe. Kuuza kunaenda hivi: tunaanza transaksyo (hatua kadhaa zinazohesabiwa kama moja), UPDATE safari SET nafasi = nafasi - 1, tunatuma ombi la malipo ku kampuni ya simu, tunangojea mutu aingize PIN, jibu likija tunafanya COMMIT (kuthibitisha yote). — Mama wa Katuba

Mama, ile 5 ku mia njo ufunguo wa barua yako yote. Watu wamekwama na mashine haina kazi, basi hakuna anayefanya kazi, wote wanangoja. Na kosa limewaambia wanangoja nini, kufuli.

Mu InnoDB ukibadilisha mstari ndani ya transaksyo, ule mstari unafungwa kwa wengine wanaotaka kuubadilisha mpaka ufanye COMMIT au ROLLBACK. Mustari wa bisi ya saa tano ya Kolwezi ni mumoja. Abiria wa kwanza anapotafuta miwani, anafungua telefone, anaandika PIN, anakosea, anaandika tena, mustari umefungwa kwake sekunde 40. Wa pili anangoja nyuma yake, wa tatu nyuma ya wa pili. innodb_lock_wait_timeout ya kuanzia ni sekunde 50, kwa hiyo wa nyuma wanatupwa na lile kosa. Asubuhi hakuna shida juu wanunuzi wa bisi moja hawakutani.

Na juu ya nini ata paji ya maelezo inakwama? Kama munatumia PHP-FPM (programu inayoendesha PHP ku seva), kuna pm.max_children, hesabu ya maombi yanayoweza kuhudumiwa pamoja. Tuseme ni 20. Wanunuzi 20 wakiwa wanangoja kufuli, wameshika nafasi zote 20, na mutu wa 21 anayetaka kusoma tu bei hana wa kumuhudumia. Kuongeza ziwe 60 kutawapa pumzi ya muda mufupi, kiisha 60 watangoja, na mutakaribia kikomo cha koneksyo cha MySQL, ambacho cha kuanzia ni 151.

Siku inakwama, wakati imekwama kabisa, endesha SELECT * FROM sys.innodb_lock_waits, utaona nani anangoja na nani amemuzuia. Angalia pia information_schema.innodb_trx, ile kolone ya trx_started, utaona transaksyo zilizo wazi toka sekunde nyingi zinazofanya kazi sifuri. Wenye PostgreSQL wanaangalia pg_stat_activity, mule transaksyo ya namna hiyo inaitwa "idle in transaction".

Kurekebisha ni kugawanya ile kazi. Transaksyo ya kwanza iwe fupi: punguza nafasi, andika tiketi yenye hali ya "inangoja malipo" na saa ya kuisha, tuseme dakika 5, COMMIT hapohapo. Hiyo ni milisekunde chache. Kiisha, nje ya transaksyo yoyote, muongee na kampuni ya simu, mukiweka kikomo cha kungojea. Jibu likija muanze transaksyo ya pili, fupi nayo, ya kugeuza tiketi kuwa imelipwa. Kazi ndogo ipite kila dakika irudishe nafasi za tiketi zilizoisha muda.

Hapa naomba ukae kwa makini, Mama, juu njo fasi watu wanapoteza makuta ya abiria. Jibu la malipo linaweza kufika dakika ya 6, nafasi imesharudishwa na pengine imeuzwa. Mupange toka sasa: kama nafasi nyingine iko apewe, kama haiko arudishiwe franga yake, na isiwe mpaka aje kulia ku giche. Tena jibu lilelile linaweza kutumwa mara mbili, kwa hiyo namba ya malipo iwe na indeksi ya kipekee mu jedwali, ya pili ikija ikataliwe bila kutoa tiketi ya pili. Ukishamaliza hayo acha ile timeout ya 50 ishuke ifike 5. Kwa transaksyo fupi, anayengoja kufuli zaidi ya sekunde 5 amekutana na hitilafu, na ni vizuri mujue mapema.

Papa, mimi siko wa mambo ya ordinatere, niko na depo ya vyakula ku Nguba, Bukavu. Informatisye wangu anasema programu ya stoki imelemewa, nilipe seva mpya na kitu kinaitwa Redis. Nitajuaje kama anasema kweli?

Mama au Papa, hukusema, jambo lako. Sina haja ya kumuita muongo mutu nisiyemujua, na kuna wakati seva mpya ni lazima. Lakini muombe akuonyeshe, wewe ukiwa umekaa pembeni yake, vitu vitatu: orodha ya kweri 10 zinazokula wakati mwingi kwa jumla, hesabu ya kweri ambazo paji ya kuuzia inatuma, na hali ya CPU, memwari na diski saa ileile wauzaji wanalalamika. Hauhitaji kuelewa kila kitu, utaona kama ameshaviangalia au anavitafuta kwa mara ya kwanza. Kama kweri zimeshasafishwa na CPU inakaa karibu ya 100 saa za wateja, anasema kweli, mulipe. Kama hana hizo namba, mulipe siku mbili tatu za kupima, ni bei ndogo sana kuliko seva.

Kuhusu Redis, ni programu nzuri inayoweka majibu mu memwari ili databezi isiulizwe kila mara. Kwa bei na majina ya bidhaa, ambavyo havibadiliki kila dakika, sawa. Kwa hesabu ya magunia yaliyobaki mimi singeiweka, juu ile hesabu ikichelewa ata dakika moja, muuzaji wa kwanza atauza gunia la mwisho na wa pili ataliuza tena. Na apime Jumamosi, kama kwako njo siku depo inajaa, Jumanne mchana hakuna kitu atakachoona.